UZI: Concorde haikuuawa na ajali. Je, ndege za abiria zinazopita kasi ya sauti zitarudi kibiashara?

Mzee wa Kipunguni

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa Kipunguni miaka mingi, ndege zinapita juu ya bati langu mchana na usiku, kwa hiyo mnivumilie kama mada zangu ni zile zile. Kijana wangu wa mwisho alinirushia video ya kindege cheupe kikivunja kasi ya sauti juu ya jangwa la Mojave, Marekani, akaandika chini yake: "Baba, Concorde inarudi," yaani ile ndege ya abiria ya Waingereza na Wafaransa iliyopita kasi ya sauti. Nikamjibu tutaongea ukija Jumapili. Jumapili hakuja, basi nawaletea ninyi.

Kile kindege kinaitwa XB-1, cha kampuni ya Boom Supersonic ya Colorado. Tarehe 28 Januari 2025 kilifika Mach 1.122 (Mach 1 ndiyo kasi ya sauti), rubani mmoja, abiria hakuna. Ni cha majaribio tu. Ndege yenyewe wanayotaka kuuza inaitwa Overture: abiria 64 hadi 80, kasi ya Mach 1.7, masafa ya kama kilomita 7,800. Mashirika ya ndege ya Marekani yamo: United waliagiza 15 mwaka 2021, American wakaagiza 20 mwaka 2022, Japan Airlines waliwahi kuweka pesa zao humo. Kiwanda kimeshajengwa Greensboro, North Carolina. Kwa hiyo si hadithi za vijiweni, watu wako kazini.

Ila mimi nasema hivi: kasi si tatizo na haijawa tatizo tangu 1969. Concorde iliruka Toulouse tarehe 2 Machi 1969, na kuanzia 21 Januari 1976 ilikuwa inabeba watu wanaolipa nauli, Mach 2, futi 60,000 juu, wakinywa shampeni. Hiyo ni kabla ya wengi wenu humu kuzaliwa. Swali lililobaki ni la duka: nani ananunua, kwa bei gani, na injini inatoka wapi.

Wengi wanaamini ajali ya Gonesse, karibu na Paris, ndiyo iliyoiua. Siyo. Tarehe 25 Julai 2000 ndege ya Air France ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kwenye DC-10 iliyoruka kabla yake, tairi likapasuka, tangi likatoboka, watu 113 wakafa. Msiba mkubwa. Lakini matangi yaliwekewa bitana ya Kevlar, matairi yakabadilishwa, na Novemba 2001 ndege ikarudi kazini. Ilistaafishwa 2003 kwa sababu hesabu zilikataa: abiria wamepungua, gharama za matunzo zinapanda.

Na hata zile siku nzuri za British Airways zina siri yake. Mwaka 1984 shirika liliichukua Concorde mikononi mwa serikali ya Uingereza kwa pauni milioni 16.5, ndege na vipuri. Milioni 16.5 kwa ndege saba! Gharama ya kuibuni na kuiunda ilishamezwa na walipa kodi wa Uingereza na Ufaransa. Halafu wakafanya jambo la kijanja, wakawauliza abiria wao wakubwa: unadhani tiketi yako ni bei gani? Wengi hawakujua, maana walikuwa wanakatiwa na makatibu muhtasi wao, na wakataja bei kubwa kuliko ile halisi. BA wakapandisha nauli kuwafuata huko huko. Hapo ndipo faida ilipoanza.

Sasa Overture inauzwa kama dola milioni 200 kila moja. Hakuna serikali inayokuja kumeza deni. Nani atapiga hesabu hiyo ikatoka?

Karibuni, ila tusitukanane.

Mama Kashata

Nimetandika mkeka. Kahawa ipo, kashata zipo. Endeleeni.

InjiniaMtarajiwa

Mzee wangu shikamoo. Naheshimu umri lakini hapa umeacha jambo kubwa: mshindo, ule mlipuko unaosikika chini ndege ikipita kasi ya sauti. Concorde ilibanwa na sheria. Tangu 1973 Marekani ilipiga marufuku ndege ya kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu, nchi nyingine nazo zikafunga milango. Soko lote la New York kwenda Los Angeles likafa hapo. Ukibakiwa na bahari tu, biashara lazima ikushinde.

Sasa hali imebadilika. Juni 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kuondoa katazo hilo. Na XB-1 ilipovunja kasi ya sauti, kampuni ilisema mshindo haukufika chini. Siyo uchawi, ni fizikia. Hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, na kwenye joto sauti inakimbia zaidi. Kwa hiyo wimbi la mshindo likishuka linapinda, linarudi juu kabla ya kugusa ardhi. Sharti usizidi sana kasi ya sauti.

Ongeza kompyuta za leo, ongeza nyuzi za kaboni badala ya aluminiamu. NASA nao wana X-59, iliruka mara ya kwanza Oktoba 2025, pua ndefu kama sindano, imeundwa ili mshindo usikike kama mtu kafunga mlango wa gari mtaa wa pili. Mzee, hii si miaka ya sitini.

Mzee wa Kipunguni

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri, na la kupinda sauti ni kweli kabisa. Lakini rudi kwenye neno lako mwenyewe, "usizidi sana". Ujanja huo unafanya kazi kwenye Mach 1.1, 1.2, pengine 1.3 hali ya hewa ikikubali. Dreamliner, ndege ya kawaida ya siku hizi, inakwenda Mach 0.85. Sasa toa: umenunua ndege ya dola milioni 200 yenye uwezo wa Mach 1.7, halafu juu ya nchi kavu unaiendesha kama mtu aliyenunua gari la mashindano akaishia nalo barabara ya vumbi ya Chanika. Kampuni yenyewe inasema utaokoa kama dakika 90 ukivuka Marekani. Dakika 90 ni kitu, sikatai. Ila ni mia ngapi za dola?

Kuhusu mshindo wenyewe, Wamarekani hawakuukataa kwa kusikia tetesi. Mwaka 1964 serikali yao iliwapasulia watu wa Oklahoma City mishindo 1,253 ndani ya miezi sita, kusudi, ili waone watazoea au la. Mara nane kwa siku! Vioo vilivunjika, malalamiko yakajaa, na watu wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 bunge lao likakata pesa za ndege yao wenyewe ya kupita kasi ya sauti, Boeing 2707. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi na saini moja, na Ulaya sijasikia wakiwa na haraka.

Mturkana Halisi

Jambo humu. Mimi ni wa Lodwar, naongeza stori kidogo kuhusu Concorde na bara letu, maana watu hudhani haikutuhusu.

Tarehe 30 Juni 1973 jua lilipatwa, kivuli kikaingia bara letu kupitia Afrika Magharibi, kikavuka Sahara, kikapita kwetu Ziwa Turkana, likiitwa Rudolf bado. Marehemu babu alikuwa akisimulia mbuzi walivyorudi zizini mchana. Siku hiyo hiyo Concorde ya majaribio, namba 001, ilipaa kutoka Las Palmas ikiwa na wanasayansi, ikakimbizana na kivuli hadi Fort-Lamy, siku hizi N'Djamena. Walikaa gizani dakika 74! Aliyesimama chini alipata saba, nane haziishi. Walikuwa wametoboa matundu kwenye paa la ndege ili waliangalie jua.

Haina uhusiano na nauli, lakini nikiambiwa nitaje kazi moja ambayo ndege hiyo ilifanya na hakuna nyingine ingeweza, nitataja hiyo.

Mama Kashata

Kumbe uzi una utamu huu. Mturkana, babu apumzike kwa amani.

Bi Mkubwa wa Stuttgart

Hamjambo ndugu zangu. Naishi Ujerumani, na mwaka juzi niliwapeleka wanangu makumbusho ya Sinsheim. Ni mahali pekee ninapopajua ambapo Concorde na ile Tupolev Tu-144 ya Warusi ziko pamoja. Wamezipandisha juu ya paa, pua zikitazama mbinguni kana kwamba zinaruka. Unapanda ngazi za chuma, upepo unakupiga, halafu unaingia ndani.

Niwaambie ukweli, nilishtuka. Ni ndogo! Kwa vile imeinamishwa unatembea kama unapanda kilima, huku umeshika viti. Viti viwili huku, viwili kule, njia katikati ya mtu mmoja mwembamba. Mume wangu si mrefu wa ajabu lakini alitembea ameinamisha shingo. Dirisha nililifunika lote kwa kiganja changu hiki. Kumbe walifanya makusudi: huko juu dirisha likipasuka, hewa itoke taratibu rubani apate nafasi ya kushuka. Mtoto wangu wa pili akaniuliza, "Mama, matajiri walikuwa wanabanwa hivi?" Nikacheka mpaka mlinzi akageuka.

Hiyo ya Warusi ndiyo usiseme. Ilibeba abiria kati ya Moscow na Alma-Ata kuanzia Novemba 1977, na kabla ya katikati ya 1978 ikasimamishwa, safari 55 tu. Inasemekana kelele za ndani zilikuwa hazisemeki, watu waliokaa kiti kwa kiti wakaandikiana vikaratasi.

Karani wa Tiketi

Nimekuwa nauza tiketi hapa Posta tangu zile za karatasi nyekundu, kwa hiyo nitaongea kama muuzaji.

Mteja wa daraja la biashara hanunui kasi. Wiki iliyopita alinijia mzee mmoja wa mazao anakwenda London. Nikampa safari mbili: moja inafika mapema kwa saa mbili na nusu, nyingine inachelewa lakini kiti kinalala bapa mpaka chini. Hakufikiri hata dakika. "Mwanangu, nipe ya kitanda." Concorde ilipokuwa inatamba, ndege za kawaida hazikuwa na kitanda, ulikaa wima saa saba unauguza kiuno. BA walipoweka vitanda daraja la biashara mwaka 2000, walimuua mtoto wao wenyewe. Mtu anapanda New York usiku, anakula, analala, anaamka London. Hajapoteza kitu. Na siku hizi kuna intaneti humo ndani, anafanya kazi njia nzima.

La pili, masafa, na hapa naona mnapita haraka. Overture itafika kilomita 7,800 hivi. London hadi New York ni kama 5,550, safi kabisa. Tokyo hadi Los Angeles ni karibu 8,800, haifiki bila kutua kujaza mafuta. Sydney hadi Los Angeles ni zaidi ya 12,000, usitaje. Yaani safari zile ndefu ambazo mtu angelia kwa furaha akifupishiwa, ndizo ndege hii haiziwezi. Nairobi hadi New York, ambayo KQ (Kenya Airways) wanaipiga moja kwa moja tangu Oktoba 2018 kwa saa kama 15, ni karibu 11,800. Ukisimama kujaza mafuta, saa ulizookoa zinamwagika hapo hapo.

Nikapiga na ya kwetu, kwa kujifurahisha. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, sehemu kubwa unaweza kupita baharini. Badala ya saa tano na nusu utatumia kama tatu. Mtu wa Mbezi atazimaliza saa hizo kwenye foleni ya kwenda uwanjani siku ya mvua. Na kila siku nipate wapi abiria 64 wa kulipa nauli ya daraja la biashara? Hiyo Dreamliner ya ATCL (Air Tanzania) ina viti 262, na vya daraja la biashara ni 22 tu.

InjiniaMtarajiwa

Karani umenigusa, nakubali. Lakini Atlantiki peke yake si soko dogo. London na New York ni barabara ya pesa. Kuna watu ambao kwao saa tatu na nusu badala ya saba maana yake ni kwenda asubuhi, kufanya kikao, kurudi usiku kulala kwao. BA001 ilitoka Heathrow saa 4:30 asubuhi, ikafika New York saa 3:25 asubuhi ya kule. Unafika kabla hujaondoka! Mtu wa namna hiyo kitanda hakimhusu.

Karani wa Tiketi

Huyo mtu siku hizi ana ndege yake binafsi mdogo wangu. Inaondoka akifika yeye. Na wasiokuwa nayo wanafanya kikao kwenye simu.

Fundi Hanga Namba Mbili

Nilikuwa nasoma kimya kimya. Mimi ni fundi wa ndege, leseni ninayo, na naona wote mnaizunguka injini kama paka na chungu cha moto.

Siri ya ndege za leo kuwa na nauli nafuu ni lile feni kubwa la mbele. Linasukuma hewa nyingi taratibu, mafuta yanatumika kidogo. Ndege inayopita kasi ya sauti haiwezi kubeba feni pana namna hiyo, upepo utaishika. Inataka injini nyembamba inayotema hewa kidogo kwa nguvu nyingi. Injini ya aina hiyo ni mlafi, na ikiruka mtaa mzima unajua. Olympus 593 za Concorde zilikuwa zinamwagiwa mafuta ya ziada nyuma yakawaka moto ili ipae, na tena ili ivuke kasi ya sauti hadi Mach 1.7, ndipo moto wa nyuma unazimwa. Kwa saa ilikunywa karibu lita 25,600, yaani kama tani 20, kwa abiria 100. Dreamliner inakunywa tani tano hadi sita kwa saa, na inabeba watu zaidi ya mara mbili. Kwa saa hizo chache, gawanyeni wenyewe.

Halafu kuna joto. Injini ya kawaida inaungua kwa nguvu zote dakika chache tu wakati wa kupaa, kisha inapumzishwa njia nzima. Ya kasi hii inakaa kwenye joto kali saa tatu mfululizo, kila siku. Vile visu vya turbini vinachoka haraka, na kubadilisha kisu si kubadilisha pedi za breki. Rolls-Royce walikuwa na Boom, wakajitoa Septemba 2022. Wakubwa wengine wa injini nao hawakujitokeza. Boom wakaamua kutengeneza yao wenyewe, inaitwa Symphony, kwa kushirikiana na kampuni ndogo zaidi. Kutengeneza injini mpya ya abiria kutoka mwanzo! Pratt & Whitney wana uzoefu wa karne nzima, wakatoa familia yao ya injini za GTF, na mmeona wenyewe ndege za A220 zilivyolala chini duniani kote zikisubiri injini, za ATCL zikiwemo. Na hiyo ni injini ya ndege ya kawaida. Mimi nikisikia mtu anasema injini itakuwa tayari miaka michache ijayo, naendelea kunywa chai yangu.

Lakini nisiwe mchungu tu. Concorde ilikuwa na mambo ambayo ukiwa fundi lazima uvue kofia. Ikipita kasi ya sauti, kitovu cha nguvu inayoibeba kinarudi nyuma, pua inataka kuinama. Badala ya kuikokota kwa usukani, mhandisi alikuwa anasukuma mafuta kwa pampu kutoka matangi ya mbele kwenda tangi la mkiani, uzito unafuata, ndege inatulia. Na kwa msuguano wa hewa bodi nzima ilipata joto ikarefuka, sentimita 15 hadi 25. Pembeni ya paneli ya mhandisi kulikuwa na ufa: ardhini hata kadi haipenyi, ukiwa Mach 2 unaingiza mkono. Kwenye safari za mwisho za 2003 baadhi ya wahandisi wakatumbukiza kofia zao za kazi humo. Ndege ikapoa, ufa ukafunga. Mpaka leo kuna kofia zimebanwa humo na hazitatoka, labda iruke tena.

Mturkana Halisi

Hiyo ya kofia imeniua kabisa.

Mzee wa Kipunguni

Fundi, ubarikiwe. Umesema kwa aya nne nilichokuwa nakizunguka.

Niongeze moja kuhusu oda, maana kijana wangu ndicho kigezo chake: "Baba, mashirika yameshaagiza." Boom wanahesabu 130, oda na nafasi zilizoshikiliwa. Concorde nayo ilishikiliwa nafasi zaidi ya 70 na mashirika ya mabara mbalimbali. Januari 1973 Pan Am na TWA wakajitoa siku moja, wengine wakafuata mlango huo huo, na mwishoni walionunua ni Air France na British Airways tu, mashirika ya serikali zile zile zilizoiunda. Zilitengenezwa 20, na zilizobeba abiria ni ndege 14 tu. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba Boeing 747 ilishaanza kazi 1970. Mashirika yakaona heri kubeba watu wengi polepole kuliko wachache mbio, na mafuta yalipopanda mwishoni mwa 1973 hata waliokuwa wanasitasita wakanyamaza.

Kwa hiyo jibu langu, ili nisionekane nakimbia swali: itaruka? Naamini mmoja wa hawa, pengine Boom, ataifikisha angani ndege yenye viti. Itarudi kibiashara? Labda London na New York, ndege chache, kama kitu cha fahari. Ya kumfanya mtu wa kawaida afike mapema, sioni, mpaka pale injini ya Fundi itakapopatikana.

InjiniaMtarajiwa

Mzee, nitakupa taarifa ambayo itakufurahisha halafu itakuudhi. Mwishoni mwa 2025 Boom walitangaza wanatengeneza mitambo ya kufua umeme kutokana na teknolojia ya Symphony. Inawekwa chini, inachoma gesi, umeme unakwenda kwenye vituo vya kompyuta za akili mnemba. Mteja wa kwanza ni kampuni ya Crusoe, kachukua mitambo 29. Maana yake ndiyo hiyo: wanauza umeme ili injini ipate pesa na masaa ya kazi kabla haijapanda ndege. Hilo deni ulilosema halina wa kulimeza, limepata mtu.

Fundi Hanga Namba Mbili

Hapo kijana umenikamata. Mtambo ukipiga masaa elfu kadhaa chini, utajua kisu gani kinachoka na kwa nini. Hiyo ni shule nzuri. Ila huo uliofungwa kwenye zege hauhitaji kuwa mwepesi, wala haupokei hewa ya kasi kuliko sauti mdomoni. Nusu ya mtihani tu.

Mzee wa Kipunguni

Nusu ya mtihani ni zaidi ya nilivyokuwa nimewapa Boom mwanzoni. Basi Injinia, tuwekeane: siku Overture itakapobeba abiria wa kwanza aliyelipa nauli yake mwenyewe, na mimi bado napumua, unifukue uzi huu. Supu ya Vingunguti juu yangu, chapati mbili mbili, na kijana wangu nitamleta.

Mama Kashata

Mimi shahidi. Supu ya watu wangapi?

Mzee wa Kipunguni

Wote mliochangia. Bi Mkubwa atalipiwa na supu tu, tiketi ya kutoka Stuttgart ajitegemee.

Karani wa Tiketi

Nitamkatia. Ya kitanda.